Chumvi ya Maarib na Dhahabu Yetu

Naomba ndugu zangu wa pwani waniruhusu nianze na neno moja ambalo kila mtu analijua na hapana apendaye kutajwa nalo. Neno lenyewe ni hongo. Leo ukisema fulani amekula hongo umemvunjia heshima yake, na huenda akakupeleka mahakamani. Lakini wazee wenu waliobeba mizigo kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe walilitamka neno hilo hilo mchana kweupe, mbele za watu, bila ya haya, kwani zamani zile hongo ilikuwa ni haki ambayo msafara humlipa mtemi wa nchi unayoipita.

Huku Ugogo ninakosomesha ndiko hongo ilikojulikana zaidi. Msafara ukiondoka Mpwapwa huivuka nyika ya Marenga Mkali, ukaingia Ugogo watu wamekauka midomo kwa kiu, na mbele yao ingali nyika nyingine, Mgunda Mkali. Katikati ya nyika hizo mbili maji yote yalikuwa ya Wagogo, na mengi yake ni ya visima walivyovichimba kwa mikono yao, katika nchi ambayo hata leo mvua yake kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Sasa fikiri wewe, watu mia tano na punda wao wakipiga kambi siku tatu kwenye kisima kimoja, wenyeji watakunywa nini? Ndipo mtemi alipotaka merikani na kaniki na shanga na nyaya za shaba, vikahesabiwa doti kwa doti. Burton aliyepita mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, wote wameandika habari za hongo hii, na wameiandika kwa manung'uniko mengi, kama mgeni anung'unikavyo akitakiwa kulipia maji ambayo kwao huyapata bure.

Sisemi kuwa watemi wote walikuwa waadilifu. Wako waliozidisha, na wako waliouzuia msafara mpaka watu wakadhikika. Ninalotaka tulitazame ni jinsi malipo yalivyofanyika. Mwenye msafara alijua alichotoa, wazee wa mtemi walijua kilichopokewa, na hata mpagazi aliyelibeba robota lile alijua limepungua doti ngapi, kwa sababu shingo yake ilimwambia. Leo neno limebaki, ila malipo yamehama kutoka uwanjani kwenda chumbani. Wala mtu asinifahamu vibaya, rushwa haiwi halali kwa kutangazwa. Lakini mara nyingi haki hugeuka rushwa siku ile inapoanza kulipwa mahali ambapo wenye nchi hawaoni.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu nchi yetu sasa haiuzi maji kwa misafara, yauza dhahabu na almasi na mawe ya thamani na gesi, na mji huu wa Dodoma ndio uliobeba hesabu zake. Bunge liko hapa, Tume ya Madini iko hapa, na kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwekwa mezani hapa. Nao uwanda huu wa kati si mgeni wa madini. Dhahabu ya Sekenke, huko Iramba, ndiyo Wajerumani waliyoitumia mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, kupiga sarafu za rupia 15 pale Tabora, zenye sura ya tembo. Leo ziko katika makabati ya matajiri wa Ulaya wakusanyao vitu vya kale. Mwaka 2008 watu walimiminika Winza, wilaya ya Mpwapwa, kwa ajili ya rubi. Haneti kuna mawe ya kijani. Na katika wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, mgodi mpya ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023.

Sasa tuulize, dini yetu ina neno gani juu ya mali iliyomo ardhini? Wengi wetu tumesoma mlango wa zaka ya madini na rikazi, tukajua robo ya ushuru na khumsi, tukafunga kitabu. Lakini kuna hadithi moja katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi ambayo haisomwi sana katika darsa zetu, nami naiona ni kubwa mno kwa zama hizi.

Alikuja kwa Mtume (s.a.w.) mtu wa Yemen aitwaye Abyadh bin Hammal, akaomba apewe chumvi ya Maarib iwe yake. Mtume akampa. Yule mtu alipogeuka kwenda zake, mmoja katika waliohudhuria pale barazani akasema maneno ambayo maana yake ni kwamba, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, je, unajua ulichompa? Umempa kitu mfano wa maji yasiyokatika. Basi Mtume akakirejesha kile alichokitoa.

Wanavyuoni wakajenga juu ya hadithi hii kanuni. Al-Mawardi katika Al-Ahkam as-Sultaniyya ameyagawa madini mafungu mawili. Yako ya dhahiri, kama chumvi, ambayo mtu huyakuta tayari, na hayo hayafai kumilikishwa mtu peke yake, bali watu wote ni sawa kwayo. Na yako ya ndani, kama dhahabu na fedha, ambayo hayapatikani ila kwa kazi na gharama, na hapo wamehitilafiana juu ya kupewa mtu ayachimbe na kama atayamiliki. Imamu Malik yeye alikwenda mbali zaidi, akaona kwamba amri ya madini ni ya mtawala, ayaendeshe kwa maslaha ya Waislamu. Khilafu hizo zina vitabu vyake, sitaki kuwachosha nazo.

Mimi katika hadithi ile naangalia jambo jingine. Yule aliyesema alikuwa wapi? Alikuwa barazani. Alisikia ombi, akasikia jibu, naye alikuwa na elimu ya chumvi ile, akasema. Mkataba ule ulifungwa mbele ya watu, ndiyo maana aliyejua aliweza kusema, na uliposemewa ulirekebishwa siku ile ile kabla mtu hajapakia hata gunia moja. Na aliyeurekebisha ni mbora wa viumbe, wala hakuona kwamba cheo chake kimepungua kwa kuambiwa. Lau jambo lile lingalifanyika faraghani, Abyadh angaliondoka na chumvi ya umma mzima.

Kwetu sisi mambo yalikwenda kinyume. Mwezi wa Februari mwaka 2007 mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, wilaya ya Kahama, ulitiwa saini London. Dhahabu iko Kahama, wenye dhahabu wako Kahama na Tanzania nzima, na kalamu iko Uingereza. Nani katika wenyeji wa Kahama angaliweza kuinua mkono? Habari zilipofika hapa Dodoma, mwezi wa Agosti mwaka huo huo, mbunge wa Kigoma Kaskazini wa wakati ule, Zitto Kabwe, alisimama Bungeni akataka iundwe kamati teule ichunguze, na mambo yakaishia kwa yeye mwenyewe kusimamishwa. Yule wa barazani alisikilizwa, na huyu wetu alitolewa nje. Lakini Mwenyezi Mungu ana njia zake. Watu wakayasema yale masokoni na misikitini na vijiweni, hata Novemba 2007 Rais Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuitazama mikataba ya madini, na huyo mbunge akatiwa humo. Kamati ikatoa ripoti yake mwaka 2008, na baada yake ikaja Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyoupandisha mrabaha wa dhahabu kutoka 3 kwa mia hadi 4, na ukawa unapigiwa hesabu juu ya thamani nzima, yaani gharama hazitolewi kwanza. Haya yote yalitokana na mtu mmoja kuuliza.

Kisha yakaja mambo ya mchanga wa dhahabu, yale makinikia. Mwezi wa Mei mwaka 2017 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilimpelekea Rais Magufuli habari ya makontena 277 yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam, ikasema dhahabu iliyomo ni nyingi mara kadhaa kuliko iliyoandikwa katika karatasi. Kampuni ikakana. Watu wakagawanyika, huyu anashangilia na yule anadhihaki, na kwa yakini raia wa kawaida hakuwa na mizani ya kupimia maneno ya huyu wala ya yule. Hayo ndiyo madhara ya miaka mingi ya hesabu za gizani, kwamba hata siku ukiambiwa kweli huna cha kuijulia kuwa ni kweli. Mambo yaliishia kwa mapatano, yaliyotiwa saini Januari 2020. Serikali ikapata hisa 16 kwa mia katika migodi, ikaundwa kampuni ya Twiga, na kampuni mama ya Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300. Na sheria za mwaka 2017 zikaupandisha mrabaha wa dhahabu hadi 6 kwa mia, pamoja na ada ya ukaguzi ya 1 kwa mia, na zikatamka kwamba maliasili ni mali ya wananchi na Rais ameshikishwa tu kwa niaba yao. Kwa lugha ya madrasa hiyo ndiyo amana.

Na amana, ndugu zangu, haitoshi kuitunza, yataka pia kuihesabu mbele ya mwenyewe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haikuja kueleza Pepo wala Moto, imekuja kueleza deni, kwamba liandikwe, na mwandishi awe mwadilifu, na wawepo mashahidi, wala watu wasichoke kuandika, dogo au kubwa. Naona ajabu kwa mtu aihifadhie aya hiyo kwa tajwidi nzuri kisha akasirike akiombwa risiti.

Serikali nayo imeingia katika mlango huu. Tanzania ilijiunga mwaka 2009 na mpango wa mataifa wa kutangaza mapato ya madini, mafuta na gesi, na taasisi yake huitwa TEITI. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Kampuni zinaandika zilicholipa, serikali inaandika ilichopokea, na mtu wa tatu anaziweka hesabu mbili hizo ubavu kwa ubavu. Ripoti ya kwanza ilipotoka mwaka 2011 hesabu hazikulingana, na tofauti ilikuwa ya mabilioni ya shilingi. Wako waliosema ripoti ile ni aibu. Mimi naona aibu ni ile miaka iliyotangulia ambayo hapakuwa na wa kuziweka ubavu kwa ubavu. Mwaka 2015 ikapitishwa sheria ya uwazi na uwajibikaji katika uchimbaji, nayo yaagiza mikataba itangazwe, ili kila mwenye elimu ya chumvi apate kusema.

Huenda mmoja wenu akasema, haya ni mambo ya wakubwa, sheikh anatuingiza katika siasa. Basi nitawapa la wadogo.

Baada ya darsa ya laasiri alinijia kijana mmoja anayenunua mawe kwa wachimbaji wadogo na kuyauza mjini. Ni kijana mwenye swala, na mamake humsifu. Akaniambia, "Sheikh, mawe yangu nikiyapitisha soko la madini nakatwa mrabaha. Nikiyapitisha mlango wa nyuma sikatwi kitu. Nimesikia kwa sheikh mwingine kwamba kodi hizi ni maksi, na maksi ni haramu, kwa hiyo kuikimbia hakuna dhambi. Nawe wasemaje?"

Nikamwambia, "Mwanangu, maksi waliyoikemea wanavyuoni ni kumtoza mtu dhulma juu ya mali yake. Je, jiwe lile kabla halijachimbwa lilikuwa mali ya nani?"

Akanyamaza kidogo akasema, "Ya serikali."

Nikamwambia serikali ni mshika funguo tu, mali ni ya watu wote, na wewe na mchimbaji mna jasho lenu ndani yake. Mrabaha haufanani na kodi ya kichwa. Ni fungu la mshirika wako aliyetoa jiwe, kama vile mwenye shamba apatavyo fungu lake kwa mkulima wake. Ukimficha mshirika fungu lake hukukimbia kodi, umemuibia. Wala mrabaha hauondoi zaka ya biashara yako. Kisha nikamkumbusha habari ya yule mtumishi aliyepigwa mshale baada ya Khaybar. Watu walimhongera kwa kufa shahidi, Mtume (s.a.w.) akawaambia kwamba kishali alichokichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa kinamwakia moto. Waliposikia hivyo, mtu mmoja akaleta ukanda wa kiatu, au kanda mbili, alizokuwa amezichukua. Nguo moja ile! Na jiwe la Winza lina thamani ya nguo ngapi?

Kijana akainamisha kichwa, nami nikadhani yamekwisha. Lakini akakiinua tena akasema, "Nimekubali, sheikh. Basi na mimi nikishatoa ile 6 kwa mia yangu, nani atanionyesha ilikokwenda?"

Wallahi swali hilo lilinipendeza kuliko jibu langu mwenyewe. Kwani kijana yule alikuwa amekwisha hama mahali pa mwizi na kusimama mahali pa mshirika, na mshirika ana haki ya kuuliza. Sayyidna Umar (r.a.) alipopanda mimbari amevaa nguo mbili ilhali kila mtu alikuwa amegawiwa moja, aliambiwa waziwazi kuwa hatutasikia wala hatutatii mpaka utueleze. Hakumtia mtu pingu. Alimwita mwanawe Abdullah, naye akaeleza kwamba alimpa babake fungu lake, kwa kuwa Umar alikuwa mtu mrefu na nguo moja haikumtosha. Wakasema, sasa tutasikia. Na huyo huyo Umar alikuwa akiandika mali ya magavana wake kabla ya kuwapeleka kazini, ili wakirudi ijulikane kilichoongezeka. Viongozi wetu nao, kwa sheria ya mwaka 1995, hutaja mali zao kwa Kamishna wa Maadili. Basi asiseme mtu kwamba haya ni mageni yaliyoletwa na Wazungu.

Nilimjibu kijana kwamba aanze karibu. Kwa sheria zetu mkutano mkuu wa kijiji unapasa kukaa kila miezi mitatu, na humo husomwa mapato na matumizi. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma juu ya mauzo ya kampuni zilizomo wilayani, na migodi imo. Halmashauri ya Kilwa huupata kutokana na gesi ya Songo Songo, na nyinyi wa Kilwa mnalijua hilo kuliko mimi. Haya ni mafungu yenye jina na anuani. Mtu wa Kilwa au wa Ikungi hana haja ya kwenda London kuuliza, aende mkutanoni na aulize mwaka huu zimepokewa ngapi, zimejenga nini, na mchoro wa darasa lile uko kwa nani. Watu wa Mtwara mwaka 2013 waliuliza juu ya gesi yao, na walipoona hawajibiwi yakatokea yale yaliyotokea, damu ikamwagika na nyumba zikaungua. Sikuunga mkono uharibifu ule wala siuungi leo. Lakini swali lisilojibiwa mkutanoni huenda likaulizwa barabarani.

Kuna jambo moja linaloniuma, nalo ni letu wenyewe. Tunamtaka waziri atoe hesabu ya dhahabu, na misikiti yetu mingapi hutoa hesabu ya kapu la Ijumaa? Nyumba za wakfu zapangishwa miaka 40 kwa kodi ya zamani, na ukiuliza mpangaji ni nani waambiwa usilete fitina. Mnazi wa wakfu una maji yasiyokatika pia. Najua msikiti ambao mweka hazina wake aliulizwa bei ya bomba la maji akasusa kwa wiki mbili, akisema ametuhumiwa. Huyo hakutuhumiwa, ameulizwa tu, na mtu mwaminifu hufurahi akiulizwa kwa sababu ndipo uaminifu wake uonekanapo. Mtume (s.a.w.) alipomtuma yule mtu wa kabila la Azd kukusanya sadaka, akarudi akisema hiki chenu na hiki nimezawadiwa, hakumwacha kwa kuwa ni sahaba. Alipanda mimbari akauliza mbona mtu huyo hakukaa nyumbani kwa babake au mamake aone kama ataletewa zawadi.

Katika msikiti mmoja mtaani kwetu hapa Dodoma kamati iliamua kubandika hesabu mlangoni kila mwezi, kwa mkono, katika karatasi ya daftari. Mwezi wa kwanza hapana aliyesoma. Mwezi wa pili bibi mmoja, mtu mzima asiyejua kusoma ila Qur'ani, alimwambia mjukuu wake amsomee. Akasikia kwamba imenunuliwa mikeka kumi na miwili. Akamtuma mjukuu kwa mweka hazina aulize iko wapi, kwa sababu upande wa kina mama wanaswalia magunia. Mweka hazina akaleta risiti, na risiti zilikuwa sahihi, shilingi kwa shilingi. Mikeka yote kumi na miwili ilitandikwa upande wa wanaume, na katika kamati nzima hapana aliyekuwa amelifikiria hilo. Mikeka ya kina mama ilinunuliwa mwezi uliofuata, nayo imeandikwa katika karatasi ya mlangoni pamoja na bei yake.